Ukihesabu magari Desemba, umehesabu Krismasi

SWALI: Kijiji chetu kiko kando ya barabara ya Himo kwenda Marangu. Tangu 2011, kila Desemba shule zikifungwa, vijana hukaa barabarani siku moja wakihesabu magari. Mwaka wa kwanza hesabu ilienea ukurasa mmoja wa daftari, mwaka jana ilijaza kurasa nne. Kuna mtaalamu anataka tumlipe atutengenezee ripoti kutokana na daftari hilo, tukadai matuta. Tumlipe?

JIBU: Msimlipe. Daftari litunzeni, maana vijiji vyenye kumbukumbu ya miaka mingi namna hiyo ni vichache, lakini halisemi mnachodhani linasema.

Desemba Uchagani! Nusu ya Dar es Salaam iko njiani kurudi nyumbani, kila Noah ina mbuzi au gunia la mchele. Najua mtanijibu kwamba Desemba ni Desemba kila mwaka, kwa hiyo ongezeko liko palepale. Hapana. Mmepima ongezeko la watoto wenu walionunua magari mjini. Aprili, mvua ikinyesha, barabara hiyohiyo ina sura nyingine kabisa. Tena tarehe 20 mwaka huu ikiangukia siku ya soko na mwaka ujao Jumapili, kurasa zinaongezeka au kupungua bila barabara kubadilika.

Fungueni pia ukurasa wa 2011 mtazame kama pikipiki zilihesabiwa. Daftari la namna hii nililowahi kuonyeshwa lilikuwa na vijiti vitanovitano vya "gari" tu. Bodaboda zikaingia miaka ya katikati, baada ya kijana mwingine kukabidhiwa kalamu, na kijiji kikaamini magari yamefurika.

Hesabu ya kuaminika huchukua siku saba mfululizo, mbali na sikukuu, na angalau siku moja ya kazi na moja ya wikiendi zihesabiwe saa 24 nzima. Pikipiki, magari madogo, Hiace, Fuso na semi kila moja na safu yake. Kisha mnarudia msimu mwingine, mahali palepale. Mkisogea juu ya njia panda ya Marangu Mtoni, magari ya Mwika na Rombo yameshakata kona, hamyaoni tena.

Sasa huyo mtaalamu wenu. Watu wa aina yake nakutana nao kila mwaka, Moshi na Arusha. Anakaa kwa muda wa saa moja tu asubuhi, daladala zikiwa zimebanana, anazidisha kwa 24, anachora grafu ya rangi. Usiku wa manane nani yuko barabarani? Wengine hawaji kabisa, wanachukua namba ya kijiji jirani na kuongeza kidogo. Mhandisi akiiona ripoti hiyo anaitupa, na mwaka unaofuata kijiji kikija na hoja ya kweli hakisikilizwi.

Halafu matuta hayadaiwi kwa wingi wa magari peke yake. Barabara hiyo ni ya TANROADS, wakala wa serikali wa barabara. Nendeni ofisi ya Meneja wa Mkoa, Moshi, muulize hesabu walizonazo, mkiwa na orodha ya ajali na mahali watoto wanapovukia. Mwendo mnaweza kuupima wenyewe: pimeni mita 100 kwa kamba, wekeni alama mbili, kijana ashike saa ya simu. Gari linalopita chini ya sekunde 7.2 limezidi kilomita 50 kwa saa. Fanyeni hivyo Februari.