Homa imeisha, moyo bado unakwenda mbio? Dai kipimo

Juzi dada mmoja wa Buhongwa, hapa Mwanza, kaniandikia kwamba homa ya Uviko ilishamwacha, ila akisimama kuosha vyombo moyo unadunda kama amekimbizwa. Zahanati wamemwambia ana mawazo. Niliposoma hapo nikaweka simu chini, maana na mimi niliambiwa hivyohivyo.

Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, na ninaishi Bugarika, kule juu kwenye mawe. Kile kilima nimekipanda tangu usichana na ndoo kichwani. Baada ya Uviko nikawa nafika katikati natafuta jiwe la kukalia. Moyo unakimbia, unaruka pigo, kisha linakuja moja kubwa hadi kooni. Malaria hakuna, presha nzuri. Mhudumu hakunishika hata mkono: "Mama, punguza mawazo." Nimesomesha watoto wanne kwa dagaa, mawazo nayajua! Mpaka leo inaniuma.

Kilichoniokoa ni daftari la mauzo. Naweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya dole gumba, nahesabu mapigo dakika nzima. Nikiwa nimelala naandika, nikishasimama dakika kumi naandika tena. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100. Yangu nikilala yalikuwa sawa, nikisimama yanapanda zaidi ya 30. Daktari wa moyo alizisoma zile kurasa moja moja, kidole kikifuata mstari.

ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ilitoka safi. Hapo wengi hukata tamaa, wakati kipimo kile hunasa sekunde chache tu, na moyo ukiwa umetulia muda huo hakioni kitu. Akanifunga mashine ya Holter, inayorekodi mapigo kutwa kucha, nyaya kifuani chini ya kitenge, nikauza nayo dagaa kutwa na kulala nayo. Akapima wingi wa damu na tezi ya shingo, kwani damu ikipungua au tezi ikizidisha kazi, moyo hukimbia. Eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ikatafuta dalili kwamba virusi vimeacha uvimbe kwenye misuli ya moyo. Hazikuwepo. Mwenye uvimbe huo huzuiwa kazi nzito kwa miezi kadhaa, hata akijisikia mzima, kwa hiyo anayekuambia "jikaze" anaweza kukuua.

Kwangu ilikuwa mishipa ya fahamu inayoongoza mapigo, imevurugika baada ya ugonjwa. Nikapewa maji mengi, chumvi ya kuongeza (mwenye presha ya kupanda asithubutu), soksi za kubana na mazoezi ya kufanya nikiwa nimekaa. Imechukua muda, lakini kilima napanda.

Kina mama wenzangu, tumezoea kuinamisha kichwa mbele ya koti jeupe. Acheni! Mwili ni wako, uliza umepimwa nini, na kama hujapimwa, dai.

Na wewe dada wa Buhongwa, ukizimia, kifua kikabana au pumzi ikakata, achana na daftari. Ita bajaji, usipande bodaboda kwa sababu unaweza kuanguka njiani, uende na mtu hadi mapokezi ya dharura muda huohuo.