Shambulio limepita, mbona valvu inavuja?

SWALI: Daktari shikamoo. Mzee wangu ana miaka 63, miezi minne iliyopita alipata shambulio la moyo akawekewa stenti mbili, vile vyuma vya kuweka mshipa wazi, akarudi nyumbani tukamshukuru Mungu. Juzi kaenda kliniki kapigwa eko, ile ultrasound ya moyo, wakasema valvu inavuja na wanataka apigwe MRI ya moyo, ile mashine ya picha yenye sumaku kubwa. Sielewi, valvu yake haikuwahi kusumbua, imeharibikaje ghafla? Na kama eko imeshaona, MRI ya nini tena? Halafu ana vyuma kifuani, ile sumaku si itavivuta? Kingine, siku hizi analalia mito mitatu, akilala chali anasema pumzi inakata.
Binti wa Mzee

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole na kuuguza.

Yani uwezekano mkubwa valvu yenyewe, kile kilango cha moyo, ni nzima. Inayovuja sana baada ya shambulio ni ile ya mitrali, iko upande wa kushoto, kati ya chemba ya juu inayopokea damu kutoka mapafuni na ya chini inayoisukuma mwilini. Ni kama mlango wa mbao mbili, na kila ubao umefungwa nyuzi nyembamba zinazoshuka mpaka kwenye vimisuli viwili vilivyoota ukutani mwa chemba ya chini. Sasa shambulio limeua kipande cha ukuta, ukuta umekuwa mwembamba ukatanuka, vimisuli vimesogea nje vikavuta nyuzi, nyuzi nazo zimevuta mbao, basi hazikutani tena katikati. Moyo ukibana, damu nyingine inaenda mbele inakotakiwa na nyingine inarudi juu upande wa mapafu. (Kuna wakati kimisuli chenyewe kinakatika siku za mwanzo, ila hiyo ni dharura ya kukimbizwa thieta, mtu hakai nayo miezi minne.)

Kwa hiyo mgonjwa hapa ni ukuta, ndo maana wanataka MRI. Eko ni nzuri na ya haraka na lazima ianze, lakini inachungulia katikati ya mbavu, na ule mvujo mara nyingi unatoka kwenye ufa mrefu sio tundu la duara, so kuukadiria kwa macho kunapotosha. MRI inapima kwa hesabu, na haina mionzi kama eksirei. Tuseme kila pigo chemba ya chini inabana mililita 90, na mashine ikipima mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo inakuta zimepita 60 tu. Hizo 30 zimerudi nyuma, theluthi nzima.

Halafu kuna kovu, na hapa eko haifui dafu. Anachomwa dawa ya gadolini kwenye mshipa wa mkono, wanasubiri kama dakika 10 hivi, msuli mzima unaiachia ila kovu linaing'ang'ania. Kwenye picha msuli unakuwa mweusi tii na kovu jeupe, linaanzia upande wa ndani wa ukuta kuelekea nje. Mimi picha hiyo huwa naiangalia kabla ya kusoma ripoti. Weupe ukiwa haujafika nusu ya unene, msuli ule una matumaini ya kurudisha nguvu ukipata damu, lakini ukuta ukiwa mweupe wote hata uzibue mishipa mingapi pale hapaamki. Hilo linabadilisha maamuzi kabisa: dawa tu, kuzibua mishipa, oparesheni, au ile klipu ya kubana mbao mbili inayopitishwa kwenye mshipa wa paja. Klipu yenyewe nayo sio ya kila mtu, mwaka 2018 zilitoka tafiti mbili kubwa, ya Ufaransa haikuona faida na ya Marekani na Kanada ikaona faida kubwa, na wengi wanaeleza tofauti hiyo kwa ukubwa wa mvujo ukilinganisha na moyo ulivyotanuka. Sasa unaona kwa nini vipimo viwe sahihi.

Stenti usiziogope, metali yake haivutwi kivile na mtu anaweza kupigwa MRI hata siku chache baada ya kuwekewa. Nendeni tu na kadi ya stenti. Waambieni kama ana pesimeka (kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo), klipu ya zamani kwenye mshipa wa ubongo, kama aliwahi kuchomelea vyuma (vipande vinabakigi jichoni), au kama figo zina shida, kwa sababu ya ile dawa ya gadolini.

Ila kilichonishtua ni hiyo mito mitatu, umeiweka mwisho kama jambo dogo. Mle ndani analala chali karibu saa nzima, na kila mara anaambiwa toa pumzi, shikilia, sekunde 10 mpaka 15. Kwa hali hiyo hataweza, picha zitatoka zimetikisika. Na kikubwa zaidi, hiyo ni dalili kwamba maji yanajaa mapafuni, so usisubiri tarehe ya MRI, pigeni simu kliniki leo waangalie dawa zake, huenda wakaongeza ya kukojoza maji, na msimwongezee wenyewe. Akianza kuhema hata akiwa amekaa, au akikohoa povu la pinki, hapo ni dharura usiku huohuo.