Skripti Yangu Ilisema Hakuna Kilichokwama

Kijana mmoja wa Kakamega aliniandikia wiki jana: "Kaka, nataka kutengeneza zana za kuchunguza kerneli ya Linux. Nianzie wapi?" Kerneli ni kiini cha mfumo endeshi, kinachogawia programu kichakato na kumbukumbu. Nimekaa na ujumbe huo siku tatu, maana jibu langu linapita mahali ambapo bado paniuma.

Nilikuwa nimeajiriwa na kampuni moja hapa Kisumu. Seva ikianguka, kdump, zana ya Linux ya kunasa anguko, iliwasha kerneli ya pili, iliyotengewa kumbukumbu yake mapema, nayo ikahifadhi picha ya kumbukumbu ya ile iliyokufa. Niliandika skripti ya drgn, zana ya kuchunguza kerneli, ya kuisoma picha hiyo na kutaja michakato, yaani programu zinazoendeshwa, iliyokwama. Kila mchakato una namba ya hali yake: 0 unaendeshwa au unangoja zamu, 1 umelala lakini waamshika, 2 umelala na hausikii ishara yoyote. Hizo za 2 ndizo nilizokuwa nikizisaka. Timu nzima iliitegemea skripti ile, nami nikipita barabara ya Oginga Odinga kifua mbele.

Kisha tukahamia kerneli mpya. Kuanzia toleo la 5.14, lililotoka Agosti 2021, sehemu iliyoitwa state, inayobeba namba hiyo ndani ya task_struct, rekodi ya kerneli kuhusu kila mchakato, inaitwa __state. Waliobadilisha hawakukosea, hakuna aliyewahi kuahidi kwamba miundo ya ndani ya kerneli itabaki ilivyo. Mkosaji ni mimi. Nilikuwa nimeandika kwamba sehemu hiyo ikikosekana, rudisha 0, endelea.

Usiku mmoja, mvua ikipiga mabati ya Manyatta, mawasiliano na seva ya mafaili yakakatika na seva yetu kuu ikaganda. Tukailazimisha ianguke ili tupate picha. Nikaendesha skripti. Michakato yote, 0. Nikawaambia wakubwa, kwa uhakika kabisa, kwamba kerneli ni nzima, wakatafute kwenye hifadhidata. Wakatafuta saa sita! Kulipopambazuka ndipo nilipofungua picha ileile kwa zana ya crash, toleo jipya, nikaona UN, UN, UN zikishuka mpaka chini ya skrini. Hiyo ndiyo namna crash inavyoiandika ile 2.

Mkuu wangu alinisema mbele ya watu wote. Hakuuliza kosa lilikuwa wapi. Mkataba ulipoisha haukuongezwa, na maneno yake bado nayasikia.

Kwa hiyo, mdogo wangu, zana yako isibuni jibu kamwe. Sehemu ikikosekana, itafute kwa jina jipya, kisha la zamani, na yote mawili yakikosekana zana isimame na kupiga kelele. Weka picha moja ya kila toleo la kerneli unalohudumia, uijaribu skripti juu ya zote kabla hujampa mtu. Tunapenda sana kuongeza mapya ili tusifiwe, na ya zamani tunayaacha yaoze. Kutunza ndiyo kazi yenyewe. Nasema tena: ikishindwa, ishindwe kwa sauti.

Anza Jumamosi hii. Washa mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako, weka kdump, kisha ukiwa root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, andika herufi c ndani ya /proc/sysrq-trigger. Kerneli itaanguka papo hapo, basi usithubutu kwenye kompyuta ya ofisi. Ukishapata picha, haribu jina la sehemu moja ndani ya skripti yako kwa makusudi, uiendeshe, usome itakachokuambia.