Ngozi za mtemi na wachungaji jukwaani: nichague zipi, nizipate wapi?

SWALI: Shikamoo, mama. Mimi ni mwalimu wa sanaa za maonyesho hapa Dodoma mjini. Tunaandaa igizo kuhusu misafara iliyopita Ugogo miaka ya 1870. Kuna mtemi anayedai hongo (ule ushuru wa kupita), wachungaji, vijana wa vita na wapagazi. Mwaka jana tulichukua ngozi za mbuzi buchani tukazianika juani; zikakakamaa, zikanuka, na manyoya yakawa yanabaki mikononi. Sasa mzee mmoja ametuambia ana ngozi ya chui ya babu yake na atatuuzia kwa bei ndogo. Wenzangu wanasema tuagize manyoya bandia Kariakoo, tumalize. Wewe ungefanyaje?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Nianze na chui, maana hilo linaweza kukutoa darasani likakufikisha mahakamani.

Ngozi ya chui ni nyara ya serikali. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haijali kama mnyama aliuawa juzi au enzi za Mjerumani. Inachouliza ni kibali, na anayetakiwa kuthibitisha kwamba ngozi imepatikana kihalali ni yule aliyekutwa nayo. Kesi za nyara huendeshwa kama uhujumu uchumi, na kwa nyara yenye thamani kubwa kifungo huanzia miaka 20. Kwa hiyo usiinunue, usiiazime, wala usiipakie kwenye gari la shule eti mnakwenda kuipima tu. Mwambie mzee kwa heshima kwamba hamtaihitaji, na kama anataka kujua afanye nini na urithi wake, aende kwa afisa wanyamapori wa halmashauri akaulize. Hayo hayo yanahusu mbega, simba, swala, digidigi, hata pimbi wa kwenye mawe ambaye vijana wanamwona kama kitoweo tu. Manyoya ya mbuni kwa vilemba vya vijana wa vita nayo yaache. Ya jogoo mwenye mkia mrefu yanatosha kabisa, na kuku ni wako.

Halafu kuna jambo ambalo naona halikufikiriwa: kwa nini mtemi wenu avae chui? Picha hiyo naona imetoka zaidi kwenye sinema. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walipita hapa mwaka 1857, Stanley akapita 1871, na wakati huo njia ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilikuwa inamwaga vitambaa Ugogo kila msimu. Hongo ililipwa kwa nguo, shanga na waya. Mtemi aliyeketi karibu na maji, anayeuamua msafara upite au usipite, utajiri wake ulihesabiwa kwa doti, kile kipimo cha nguo. Mvike nguo! Merikani, ile pamba nyeupe isiyopaushwa, kaniki, na juu yake kitambaa cha milia cha namna ya debwani au barsati. Kaniki bado inauzwa madukani. Merikani utaipata kwa kununua pamba nzito isiyotiwa rangi, uichemshe kwenye majani ya chai hafifu ili weupe wa dukani upungue. Ngozi kwa mtemi iwe kipande kimoja tu, begani au ya kukalia, ili mtazamaji aione. Wapagazi ndio kabisa hawahitaji manyoya. Hapo umeshaokoa zaidi ya nusu ya bajeti ya ngozi, na hela hiyo ipeleke kwa wachungaji, maana wao ndio walioishi ndani ya ngozi za mbuzi, kondoo na ndama.

Tuje kwenye mbuzi wenu wa mwaka jana. Manyoya hunyonyoka kwa sababu bakteria wameshaanza kula mashina yake kabla ngozi haijatiwa chochote. Kwa joto la Dodoma, saa chache tu zinatosha. Ngozi ikirundikwa kwenye kona ya bucha tangu asubuhi, ukaichukua jioni, hakuna fundi wa kuiokoa. Na mlipoianika juani juu ya ardhi mliongeza la pili: uso ulikauka haraka ukajifunga, katikati kukabaki kubichi kunaoza. Ndiyo ile harufu.

Kwa hiyo msinunue ngozi. Nunueni mpango na mchunaji. Nendeni machinjio ya Kizota, au mnadani Msalato siku ya Jumamosi, mkachague mnyama akiwa bado amesimama. Pale unaona rangi yake kwenye mwanga, unaona makovu ya kupe na miiba, unaona kama mgongo una chapa. Mwambie mchunaji mapema kwamba unataka ngozi ya mavazi, atumie ngumi zaidi kuliko kisu, na umwongezee kidogo. Kwenye ngozi ya mbuzi, mikato ya kisu upande wa nyama ndiyo inayopasuka mwigizaji akichuchumaa. Nendeni na chumvi yenu ya mawe iliyosagwa, angalau theluthi ya uzito wa ngozi, ipakwe yote pale pale ikishapoa, hadi kwenye kingo na miguu. Kunja, iweke kivulini mahali palipoinama kidogo ili maji yachuruzike.

Na sharti moja lisilo na mjadala: ngozi itoke kwa mnyama aliyekaguliwa na mkaguzi wa nyama. Mnyama aliyekufa mwenyewe porini, hata akiwa na manyoya mazuri namna gani, mwacheni. Kimeta hukaa kwenye ngozi na manyoya miaka mingi. Mwaka 2006 mtengeneza ngoma mmoja wa New York aliugua kimeta kutokana na ngozi za wanyama alizokuwa akizikwangua kwa ajili ya ngoma zake. Kazi yetu na yake ni ile ile: kukwangua na kuvuta vumbi la manyoya. Barakoa na glavu ni za lazima, na wanafunzi wenye vidonda mikononi wapewe kazi ya kutunga shanga.

Kuhusu aina: ngozi moja ya mbuzi wetu wa kienyeji haifiki nusu mita ya mraba ikishapunguzwa kingo, kwa hiyo mchungaji mmoja mtu mzima hesabu mbili, wakati mwingine tatu. Mbuzi jike ana ngozi laini inayoanguka vizuri. Beberu ana manyoya marefu shingoni na mapajani lakini harufu yake haiishi, mimi simpendi jukwaani. Kondoo wetu hawana sufu ile ya Ulaya, wana nywele tu, na ngozi yao ni nyepesi lakini matabaka yake huachana ukiivuta sana, nawawekea watoto. Ndama ni mzuri kuliko wote kwa joho la kutupa begani. Ng'ombe mkubwa mwache kwa ngao: ngozi yake mbichi, iliyowambwa kwenye fremu ikakauka bila dawa, inakuwa ngumu yenyewe, na hicho ndicho unachotaka kwenye ngao.

Kuzilainisha, tumieni shabu. Inauzwa kwenye maduka ya dawa za asili na viungo, ni salama kuliko kemikali za kiwandani, na haibadilishi rangi ya manyoya. Magome ya miwati au migunga pia yanafanya kazi, lakini yatageuza ngozi nyekundu na manyoya meupe yatachafuka. Loweka ngozi kwenye maji baridi ya chumvi hadi ilainike, ioshe kwa sabuni, kisha ilaze juu ya gogo la mviringo na uondoe utando wote wa nyama kwa panga butu. Hapa ndipo wengi wanachoka na kusema inatosha. Haitoshi, utando ukibaki, shabu haipiti. Sehemu mbili za shabu kwa sehemu moja ya chumvi, yeyusha kwenye maji ya moto, iache ipoe, kisha changanya na unga wa ngano hadi iwe uji mzito. Paka upande wa nyama tu, unene wa milimita 3 hivi, funika. Kesho yake kwangua, paka tena, na keshokutwa tena. Kujua kama imeiva, kata kijipande shingoni, palipo na unene kuliko kote, utazame ubavu wa mkato: ukiwa mweupe mpaka katikati, tayari. Ukiona mstari wa kijivu unaong'aa katikati, rudia.

Baada ya hapo kazi ni ya mikono. Ngozi ikiwa nusu kavu, paka kiini cha yai kilichochanganywa na mafuta ya nyonyo kidogo, kisha ivute huku na huku juu ya ukingo wa ubao uliolainishwa. Utaona inabadilika chini ya vidole, inatoka kwenye rangi ya mfupa inakuwa nyeupe. Sehemu ambayo haijabadilika ndiyo itakayokakamaa. Upepo wetu wa Dodoma hukausha upesi kuliko mkono wa mtu, kwa hiyo zile ambazo hamjazifikia zifungeni kwenye kitambaa kibichi. Tahadhari: ngozi ya shabu haifuliwi. Ikilowa chapachapa, dawa inatoka na mnarudi mwanzo. Waigizaji wavae kitambaa cha pamba ndani ili jasho lisifike kwenye ngozi.

Sasa, kama mwongozaji wenu bado anang'ang'ania chui, mtengenezee wa ndama. Chagua ndama wa rangi ya mchanga au kahawia hafifu, tumbo likiwa jeupe zaidi. Angalia picha ya chui halisi kabla hujashika brashi. Madoa ya mgongo na mbavu ni vikundi vya vipande vinavyozunguka katikati tupu yenye rangi iliyokolea kidogo. Ya miguuni na kichwani ni meusi yaliyojaa. Vitambaa vingi tunavyoviita vya chui vina madoa ya mviringo yaliyojaa, huyo ni duma, na mtu wa safu ya pili atamjua. Kwa rangi, tumieni piko, ile ile ya kinamama. Ikorogwe nzito, ipakwe kwenye nywele tu kwa brashi ndogo kufuata zinakolala, isifike kwenye ngozi. Rangi ya ukutani hugandisha nywele zikawa vijiti. Glavu ni lazima, maana piko huwasha na kuchubua wengine vibaya.

Pale mlipotaka mbega, kwa mapambo ya miguuni au mabegani, chukueni mikia ya ng'ombe. Machinjioni mara nyingi haina kazi. Chagua mweupe na mweusi, osha kwa sabuni mara kadhaa, chana, kisha shona nywele kwa safu kwenye utepe wa ngozi. Kwa waigizaji wa nyuma, katani iliyochanwa vizuri inadanganya jicho kuanzia mita chache. Mkia mmoja mzuri mwekeeni mtemi kwa ajili ya usinga. Akiupunga mara moja mbele ya kiongozi wa msafara, hatahitaji chui.

Manyoya bandia siyakatai moja kwa moja. Kwa mazoezi ni sawa, na kwa kundi kubwa la nyuma yanaokoa fedha. Ila yanang'aa mno chini ya taa, yanamchemsha mwigizaji, na yakikutana na cheche yanayeyuka yakashika mwilini. Kama kuna onyesho la kambi usiku na moto wa kweli, hapana. Mkiyatumia, punguzeni urefu kwa mkasi bila mpangilio, kisha mpige vumbi la rangi ya udongo ili ule mng'ao ufe.

Katika kukata, geuza ngozi upande wa nyama uwe juu, chora kwa kalamu, kata kwa wembe huku umeinyanyua kutoka mezani. Mkasi hukata nywele na mshono utaonekana kama njia ya sisimizi. Manyoya yote yaelekee chini. Unganisha ukingo kwa ukingo kwa sindano ya mkono, ukisukuma nywele ndani unaposhona, kisha uzitoe kwa ncha ya sindano ukimaliza. Cherehani ya kawaida itaitoboa ngozi ya mbuzi mistari, na itachanika papo hapo.

Kuhusu ngeu, ule udongo mwekundu, najua mtataka kupaka, na kweli inapendeza. Pakeni kwenye mavazi ya watu wawili watatu wasiogusana na nguo nyeupe za mtemi, la sivyo baada ya onyesho la kwanza merikani yote itakuwa nyekundu.

Hesabu wiki tatu kutoka machinjioni hadi kuvaa. Zikikamilika, zitundikwe kwenye chumba chenye upepo, zisikunjwe, na zisitiwe mifuko ya nailoni. Wekeni majani makavu ya mwarobaini katikati yake na mzikung'ute nje kila baada ya wiki mbili, maana yule mdudu mdogo mweusi wa ngozi huanzia kwenye mikunjo ya mshono. Mkimwona mmoja, itoeni ngozi hiyo peke yake siku hiyo hiyo na muikague mishono yote.