Nimwamini huyu "mchapishaji" anayetaka nimlipe anitolee kitabu cha watoto?

SWALI: Ndugu mhariri, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimeandika hadithi ya watoto wa miaka minne hadi saba, maneno kama 6,000. Mpwa wangu ni mchoraji mzuri na tayari ana picha saba. Kampuni moja ya uchapishaji imesoma mswada wangu, wakausifu mno, kisha wakanitumia mkataba wa kifurushi wanachokiita Dhahabu: uhariri, picha 20 za mchoraji wao (za mpwa wangu wanasema zitafifia zikichapwa), ISBN (ile namba ya utambulisho wa kitabu) "ya kulinda hakimiliki", nakala 500, jina la kitabu mgongoni, na kuwekwa Amazon. Kitabu kitakuwa na kurasa 32, kimebanwa kwa pini. Gharama zote ni zangu, wao wanakuwa mchapishaji kwa miaka saba, na mimi napata asilimia 10 ya mauzo. Ofa inaisha mwisho wa mwezi. Wanaonya pia kuwa nikichelewa kupata ISBN hadithi inaweza kuibwa. Je, mkataba huu ni wa kawaida? Na picha za mpwa wangu kweli hazifai?

JIBU: Usitie saini, Mwalimu. Picha za mpwa wako nitazifikia, lakini kwanza niruhusu nikasirike kidogo, maana barua ya aina hii imeshanifikia mara nyingi kiasi kwamba ninachosoma siku hizi ni jina la kifurushi tu. Mwenzako mmoja aliuziwa Almasi.

Tatizo lote limejificha kwenye silabi moja. Mchapaji ni mwenye mashine: unampelekea faili, anachapa, anakukabidhi mzigo, unamlipa, mmemalizana. Mchapishaji ni yule anayesababisha kitabu kichapwe. Ndiye anayetoa fedha, ndiye anayekula hasara nakala zikidoda, na kwa sababu hiyo ndiye anayebaki na sehemu kubwa ya mauzo na kumpa mwandishi mrabaha wa asilimia 10 au karibu na hapo. Asilimia 10 si dhuluma pale ambapo mtu mwingine ameweka fedha yake mezani. Sasa rudi kwenye mkataba wako. Nani anatoa fedha? Wewe. Nakala 500 zisipouzika zitajaa chumba cha nani? Chako. Basi mchapishaji ni wewe, na hao ni watoa huduma waliojipachika cheo. Wanachukua malipo ya mchapaji, wanachukua na sehemu ya mchapishaji, halafu hatari yote wamekubebesha wewe kwa miaka saba.

Kumlipa mtu akufanyie kazi si kosa hata kidogo. Mimi mwenyewe hulipwa kuhariri na kupanga kurasa. Lakini anayelipwa kwa kazi humaliza kazi akaondoka. Hana sababu ya kudai haki za kitabu, wala jina lake kukaa chini ya jalada, wala kukugawia wewe asilimia ya mali yako mwenyewe.

Wauzaji wa vifurushi wanapenda sana kumtaja Beatrix Potter, yule Mwingereza wa hadithi za sungura: "Hata yeye alijilipia!" Ni kweli, alijilipia. Baada ya kukataliwa na wachapishaji kadhaa, Desemba 1901 alichapisha nakala 250 kwa fedha yake. Wasichokuambia ni kwamba alimlipa mchapaji, akachukua vitabu vyake na kubaki na haki zake zote. Kampuni ya Frederick Warne ilipokitoa kitabu hicho mwaka 1902, ilikuta mwandishi asiye na mkataba wa mtu mwingine shingoni. Angekuwa amesaini Dhahabu, Warne wangelazimika kwenda kubembeleza mwenye kifurushi.

Hili la ISBN kulinda hakimiliki ndilo linalonichosha kuliko yote, kwa sababu ni uongo unaorudiwa hadi na watu waungwana. ISBN ni namba ya biashara. Ina tarakimu 13 tangu Januari 2007 (kabla ya hapo zilikuwa 10), na kazi yake ni kumwezesha muuza vitabu au mkutubi kujua hiki ni kitabu gani, cha toleo gani, cha mchapishaji gani. Toleo la jalada gumu na la jalada laini la hadithi ileile hupata namba mbili tofauti, jambo ambalo peke yake lingetosha kukuonyesha kuwa namba hiyo haihusiani na umiliki wa hadithi. Hakimiliki yako ilizaliwa siku ulipoiandika hadithi. Msingi wake ni Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao nchi nyingi duniani zimeuridhia, na chini yake ulinzi hautegemei usajili wowote. Kuna nchi ambako kusajili kazi hukupa ushahidi mzuri ukifika mahakamani, lakini usajili huo hufanywa kwenye ofisi ya hakimiliki. Wanaotoa ISBN hawahusiki nao.

Halafu tazama undani wa namba yenyewe. Imegawanyika sehemu tano, na sehemu ya tatu humtambulisha mchapishaji. Ukipewa ISBN iliyotoka kwenye fungu la kampuni hiyo, kila orodha ya vitabu itakayokisoma kitabu chako itaonyesha kuwa ni chao, na siku ukiachana nao huwezi kuihamisha. Utaanza na namba mpya, jalada jipya, na kitabu kile cha zamani kikiendelea kuonekana kwenye orodha kama mzuka. Kwa hiyo namba waliyosema itakulinda ndiyo inayokufunga. Omba ya kwako, kwa jina lako, kwenye wakala wa ISBN wa nchi yako. Baadhi ya nchi hutoa bure, nyingine hutoza. Ile ya bure wanayotoa Amazon nayo iangalie vizuri: inatumika kwao tu, huwezi kwenda nayo kwa mchapaji mwingine.

Kuhusu "kuwekwa Amazon", kufungua akaunti ya KDP, huduma ya Amazon ya kujichapishia vitabu, ni bure na gharama ya kuchapa kila nakala hukatwa kwenye mauzo. Unachopaswa kuuliza ni akaunti itafunguliwa kwa jina la nani, maana fedha huenda kwa mwenye akaunti. Ikiwa ni yao, utakuwa unasubiri hisani yao hata kujua umeuza nakala ngapi.

Na jina la kitabu mgongoni! Kitabu cha kurasa 32 kilichobanwa kwa pini hakina mgongo. Kina mkunjo. Hata kikigundishwa, unene wake hautoshi herufi. KDP hawachapi maandishi ya mgongoni kwenye kitabu chenye kurasa pungufu ya 79. Mtu aliyekuuzia jina mgongoni ama hajawahi kushika kitabu cha picha, ama anajua wewe ndiye hujawahi kukipasua ukakitazama.

Sasa picha 20 za mchoraji wao. Hapa ndipo mtego wa kweli ulipo, na katika kitabu cha watoto ni mbaya kuliko katika riwaya, kwa sababu riwaya ukiiondoa kwa mchapishaji unaondoka na maneno yako na kitabu kizima kiko mkononi. Kitabu cha picha ukiondoka bila picha, umeondoka na karatasi chache za maandishi. Kisheria, katika nchi nyingi picha ni mali ya aliyezichora, au ya aliyemwajiri, mpaka kuwe na maandishi yanayokupa wewe haki hizo. Kulipia peke yake mara nyingi hakutoshi. Niliwahi kuletewa kitabu kilichopendwa sana na watoto, nakala zimeisha, mwandishi anataka kuchapa tena kwa mtu mwingine. Ile kampuni iliyomuuzia kifurushi ikamjibu kuwa picha ni za kampuni na faili hazitoki. Tulianza kuchora upya, kutoka ukurasa wa kwanza, na wale watoto waliokizoea wakalalamika kuwa mhusika "si yule".

Uliza pia zinachorwaje. Mtu akikuahidi picha 20 ndani ya siku tatu, huyo hachori, anaiagiza programu ya akili bandia. Wewe na wasomaji wako mtaamua kama mnazipenda, lakini jua unachonunua: Februari 2023 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani iliamua kuwa picha zilizotengenezwa na Midjourney, mojawapo ya programu hizo, katika kitabu kimoja cha katuni hazina hakimiliki, ingawa maneno na mpangilio wa mwandishi vilibaki na ulinzi. KDP nao hukutaka utamke unapopakia kitabu kama kina picha za namna hiyo. Na mtoto wa miaka mitano, ambaye husoma picha kabla hajajua kusoma herufi, ndiye wa kwanza kugundua kuwa shati la mhusika limebadilika rangi kati ya ukurasa wa sita na wa nane.

Mpwa wako, basi. Picha kufifia zikichapwa ni jambo la kawaida na lina dawa. Skrini huonyesha rangi kwa mwanga. Mashine huchapa kwa wino wa rangi nne, na kuna kijani na bluu kali za kwenye skrini ambazo wino hauzifikii. Achore akiwa amechagua mfumo wa CMYK, yaani wa hizo rangi nne za wino, tangu mwanzo, au abadilishe mwenyewe na kurekebisha kwa jicho lake, asimwachie mashine iamue. Pili, ukubwa. Kuchapa kunahitaji nukta 300 kwa inchi. Ukurasa wa upana wa sentimita 21, ukiongeza milimita 3 kila upande za kukatwa, unahitaji picha yenye upana wa pikseli 2,551 hivi. Je, anakutumia kwa WhatsApp? Nina hakika ndivyo, kila mtu hufanya hivyo. WhatsApp huibana picha na kuipunguza. Atume kama faili, au akupe kwenye diski. Tatu, asiweke uso wa mhusika katikati ya kurasa mbili zinazotazamana, utamezwa na mkunjo. Kabla ya kuchapa nakala zote dai nakala moja ya mfano kwenye karatasi ileile itakayotumika, uikague mchana karibu na dirisha. Kampuni iliyosema picha "hazifai" bila kukueleza hata moja kati ya haya haikuwa inakushauri. Ilikuwa inauza picha 20.

Na muandikiane, hata kama ni damu yako: picha ngapi, zitatumika wapi, analipwa nini, jina lake litakaa jaladani. Ndugu wengi wameacha kusalimiana kwa sababu ya kitabu kilichouzika.

Nimeacha mwisho jambo ambalo wao walipaswa kulianza. Maneno 6,000 hayaingii kwenye kitabu cha picha cha kurasa 32. Ukitoa ukurasa wa jina na wa hakimiliki unabaki na kurasa 28 hivi; hiyo ni zaidi ya maneno 200 kwa kila ukurasa, pamoja na picha, kwa mtoto wa miaka minne. Vitabu vingi vya picha vya umri huo havifiki hata maneno 1,000. Mhariri anayesoma mswada wako hawezi kulikosa hilo, ni kitu cha dakika tano. Kwa hiyo ama hawakuusoma, ama waliusoma wakanyamaza wasije wakakupoteza kabla ya mwisho wa mwezi. Sifa zile zilikuwa kilemba cha ukoka. Kwa kawaida mchapishaji wa kweli huchelewa kujibu, hukataa mara nyingi, na akikubali huja na orodha ndefu ya vitu vya kurekebisha. Ukiona mtu amekusifu ndani ya siku mbili, hajagusa hata sentensi moja, na ofa yake ina tarehe ya kuisha, huyo hataki kitabu chako, anataka kiinua mgongo chako. Walengwa wao wakubwa ni walimu wastaafu, wazazi wapya na wachungaji, watu wenye hadithi nzuri na akiba kidogo, wanaoona aibu kuuliza bei ya kila kitu kimoja kimoja. Uliza. Taka bei ya uhariri peke yake, ya kupanga kurasa peke yake, ya kuchapa peke yake, kisha peleka maswali hayohayo kwa mchapaji yeyote mwenye mashine. Kifurushi ni mbuzi kwenye gunia. Ukishafungua gunia bei huonekana.

Una njia mbili. Ukiipenda hadithi ilivyo, igawe sura na uilenge kwa watoto wa miaka saba hadi tisa, picha za mpwa wako zikiwa nyeusi na nyeupe. Saba alizonazo karibu zinatosha, na kuchapa kutakuwa nafuu mno. Ukitaka kubaki na wale wadogo, chukua karatasi nane, zikunje katikati na uzibane kwa pini, utapata kurasa 32. Andika hadithi humo kwa mkono, palipo na picha chora hata vijiti, kisha kaa na watoto watano uwasomee huku mmoja wao ndiye anayefungua kurasa. Shika penseli. Kila anapotaka kufungua wewe hujamaliza kusoma, tia alama hapo, na usiku ukate maneno.