Barua kwa mwanangu: mbona jarida letu la raga halikua na majina ya watu

Mwanangu, salamu kutoka huku Nakuru. Uliniuliza maswali mawili kwa simu nikakujibu nusu nusu sababu nilikua ndani ya matatu na kelele ilikua mingi. Ati mbona mimi na wenzangu tulikua tunapiga kopi jarida la mashabiki wa raga na Facebook ilikua ishakuja, na mbona kwa zile kopi zote umesoma hakuna jina halisi la mtu, ni Mzee Skramu, Kifaru, Refa wa Mtaani basi. Wacha nianze na hilo la pili, ndilo lenye uzito.

Wewe ulikua mdogo 2008. Ile Januari kuelekea mwisho, baada ya uchaguzi, Nakuru iliwaka, watu wakauawa, nyumba zikachomwa, familia zikaenda kulala showground kwa mahema. Hata mambo yalipotulia, mtu akikutajia jina lake la mwisho ulikua unajipata ushapiga hesabu, huyu ni wa wapi, huyu alipigia nani kura. Mimi pia, sitakudanganya. Lakini ukienda uwanja wa raga wa Nakuru Athletic siku ya mechi unapata watu wale wale wamesimama bega kwa bega wanapigia kelele refa mmoja. Timu yenyewe inaitwa Wanyore na nusu ya mashabiki hawajawahi kanyaga Bunyore, kwa Wanyore wenyewe huko Magharibi! Sasa tulipoamua kuandika tukaweka sheria moja, hakuna jina la ukoo, na hata mtaa usiandike, sababu Nakuru mtaa nao unasema. Ukiandika Kaptembwo ama Free Area msomaji ashakuweka kwa boksi kabla hajafika sentensi ya pili. Kwa hivyo Kifaru akisema namba tisa anachelewesha mpira, unabishana na Kifaru kuhusu namba tisa, hauna kitu ingine ya kumshikia.

Ndio maana pia sikutaka Facebook. Watu wa intaneti kwa simu hawakua wengi wakati tunaanza, hiyo ni kweli, lakini hata walipokua wengi niliona vile ubishi wa mechi ulikua unaanza na penalti na kufika jioni ni matusi ya kabila. Na jina lako liko hapo juu na picha. Karatasi nayo nakuuzia kwa mkono, shilingi ishirini, unanitazama usoni, ukikasirika unanikasirikia mimi hapo hapo na mwishowe tunanunua mahindi choma pamoja.

Na walikasirika! Tulikua tunapea wachezaji alama juu ya kumi, sasa kuna prop mmoja, wale wa mstari wa mbele wa kusukumana kwa skramu, tulimpa tatu, mamake akanipata soko la Wakulima nikinunua nyanya akanisimamisha mbele ya watu, unajua wewe kusukuma skramu ni nini, kijana wangu ana shingo imefura na wewe unamwandikia tatu. Nikamwambia mama, andika hayo yote, nitachapisha. Aliandika ukurasa mzima kwa biro, jinsi anamkanda kijana na maji ya moto Jumapili, jinsi hawezi kugeuza kichwa mpaka Jumanne. Ile kopi iliisha kabla ya hafutaimu. Sisi tuliokua tunajiona wachambuzi hatukuwahi kuandika kitu kizuri kama hicho.

Ukurasa mwingine watu walipenda ni Mbona Refa Amepuliza. Wengi wetu tulikua tumetoka kwa mpira wa miguu, mtu ni Gor ama Ingwe damu, anakuja raga anashangaa mbona pasi haiendi mbele, mbona huyu amelala na mpira amepigiwa filimbi. Tulikua tunaeleza kitu moja tu kila toleo, polepole. Kuna mzee alibishana na sisi ati trai, ile ya kuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, ni pointi nne, na hakua mjinga, ilikua nne kweli mpaka 1992 ndio wakaifanya tano.

Kutengeneza ndio ilikua kazi. A4 ukiikunja katikati unapata kurasa nne, kwa hivyo lazima jarida liwe nne ama nane, na kama ni nane ukurasa wa kwanza unakaa upande mmoja na wa nane, wa pili na wa saba, ukikosea hapo mechi ya Kakamega inaishia kwa tangazo la kinyozi. Stepla ya kawaida haifiki katikati ya karatasi, tulikua tunaifungua kabisa, tunaweka jarida juu ya slippers, tunapiga pini, alafu tunaikunja kwa nyuma na shilingi. Picha usijaribu, kwa fotokopi mchezaji anatoka kama gunia la makaa, ndio maana unaona michoro.

Timu yetu ilipochukua Kenya Cup, ile ligi kuu ya raga, 2013 tuliuza mpaka zikaisha, na 2014 tukachukua tena. Alafu watu wakahamia WhatsApp, wawili wetu wakahama mji, tukaacha. Kabras, ile timu ya Kakamega, walipokua mabingwa 2016 hatukua na mahali pa kuwatukania, hiyo iliniuma kidogo.

Sasa nyinyi mnataka kufanya ya huko Kisumu, fanyeni. Lakini msiige yetu kila kitu. Sisi tulikua tunauzia watu wa mechi ya dakika themanini, wanasoma hafutaimu. Dala Sevens, hayo mashindano yenu ya raga ya wachezaji saba, ni siku nzima, mechi yenyewe ni nusu mbili za dakika saba saba inaisha kabla haujafungua ukurasa, lakini kati ya mechi watu wamekaa tu wanangoja timu yao, hapo ndipo mzunguke nazo. Na tafuteni mama wa mchezaji mapema.

Kopi za zamani sikutumii kwa basi, zitapotea. Njoo na simu upige picha.

Mamako