«Ceder» kwa Kiingereza: si «give up» kila mahali

Umeuliza kama «ceder» ya Kihispania ni sawa na «give up». Mara chache tu. Angalia kwanza kinachoifuata.

Ikifuatwa na kitu moja kwa moja, mtu anaachia kitu hicho mwingine akipate. «Ceder el asiento» ni kumpisha mtu kiti, na hapo «give up your seat» inakaa sawasawa. Eneo la nchi ni «cede», haki au mkataba ni «assign» au «transfer». Kwenye soka, klabu ikimtoa mchezaji kwa mkopo, ni «loan out». Ukiandika «give up» msomaji ataelewa wamemtema kabisa.

Ikifuatwa na «a» au «ante», ni kulegeza msimamo: «ceder ante la presión» ni «give in to pressure» au «yield to pressure».

Ikisimama peke yake, tazama nani anatenda. Kamba au ukuta: «give way». Homa: «subside», yaani inapungua. Ngozi ya kiatu: «stretch» au «give».

Kibao cha barabarani «Ceda el paso» huandikwa «Give way» Uingereza na «Yield» Marekani.

Kosa linalojirudia sana ni kwenda kinyume, kutoka Kiingereza. «I gave up smoking» ni «dejé de fumar», kamwe si «cedí fumar». Na kukata tamaa ni «rendirse» au «darse por vencido».